Wachoraji wa mjini, mbona walichora milima na mvua?

Mwalimu mmoja wa sanaa wa shule ya sekondari mkoani Morogoro ameuliza hivi: "Niliwaonyesha wanafunzi wangu picha za zamani za Kijapani zilizopigwa chapa kwa mbao: lile wimbi kubwa la Hokusai, na mvua darajani ya Hiroshige. Kijana mmoja akaniuliza, kama wachoraji hawa waliishi kwenye jiji kubwa, mbona picha zao zimejaa milima, theluji na mawimbi? Waliuchukia mji wao? Nimjibuje?"

Mwalimu, mpongeze kijana huyo kwanza, kwa sababu watu wengi hutazama picha hizi miaka na miaka bila kujiuliza hilo. Jibu fupi ni kwamba hawakuuchukia mji hata kidogo. Mandhari zile zilichorwa mjini, zikachapwa mjini, zikauzwa madukani kwa watu wa mjini, na karibu kila moja, ukiitazama kwa utulivu, utaukuta mji umo ndani yake. Jibu refu linaanzia kwenye mji wenyewe.

Edo, ambayo leo ni Tokyo, ndiyo ilikuwa makao ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, tangu 1603. Kufikia karne ya 18 ilikuwa na watu wapatao milioni moja, mojawapo ya miji mikubwa kabisa duniani wakati ule. Kuanzia 1635 mabwana wa majimbo walilazimishwa kukaa Edo kwa zamu, kwa kawaida mwaka mmoja mjini na mwaka mmoja kwao, huku wake na warithi wao wakibaki Edo kama amana mikononi mwa shogun. Kwa hiyo barabara kuu zilijaa misafara mwaka mzima, na mji ulijaa wageni: samurai waliowaacha jamaa zao mbali, mafundi, wapagazi, wachuuzi. Mtu wa namna hiyo akirudi kwao alitaka zawadi nyepesi isiyochukua nafasi kwenye mzigo. Picha ya karatasi ilifaa sana, na bei yake haikupishana mno na ya bakuli la tambi za soba. Nasisitiza bei kwa sababu leo picha hizi zimo kwenye makumbusho nyuma ya vioo, na wanafunzi hudhani zilikuwa mali ya wafalme. Zilikuwa bidhaa za dukani.

Sasa tazama jinsi mji huo ulivyoyachukua maumbile na kuyafanya yake. Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna mlima wala wimbi. Picha za rangi nyingi zilianza kuchapwa Edo mwaka 1765, pale wapenzi wa mashairi wenye fedha zao walipoanza kushindana kupeana kalenda zilizochorwa vizuri, na mchoraji aliyeng'ara katika mashindano hayo ni Suzuki Harunobu. Muda mfupi baadaye alitoa seti ya picha nane za ndani ya nyumba. Ili uzielewe, ujue kwamba kwa karne nyingi wachoraji wa China, na baadaye wa Japani, walikuwa na mandhari nane mashuhuri za mito Xiao na Xiang kusini mwa China: mwezi wa vuli, mvua ya usiku, kengele ya hekalu jioni, bata bukini wakitua, tanga za mashua zikirejea, theluji ya machweo, na kadhalika. Mchoraji aliyejiheshimu alizijua zote nane.

Harunobu akaziingiza zote sebuleni. Mwezi wa vuli umekuwa kioo cha mviringo mbele ya mwanamke anayetengenezwa nywele. Kengele ya hekalu imekuwa saa ya nyumbani. Mvua ya usiku ni mlio wa birika linalochemka, na tanga zinazorejea ni taulo iliyotundikwa ikapata upepo. Bata bukini wanaotua hawaonekani popote mpaka utazame ala ya koto iliyo mbele ya msichana: vile vidaraja vidogo vinavyoinua nyuzi vimepangwa mshazari, kama kundi la ndege linaloshuka. Mnunuzi wa Edo aliyejua mandhari za kale alifurahi kuzigundua moja baada ya nyingine. Ambaye hakuzijua alipata picha nzuri ya wasichana nyumbani. Mwonyeshe mwanafunzi wako picha ya koto na umwache awatafute ndege mwenyewe.

Hivyo basi, zaidi ya miaka 60 kabla ya wimbi la Hokusai, watu wa Edo walikwisha kuzoea kuyaona maumbile kupitia vitu vya mjini.

Hokusai alizaliwa Edo mwaka 1760. Alikuwa na umri wa miaka 70 hivi alipoanza mfululizo wake wa mandhari 36 za Mlima Fuji, ambao ulipendwa mpaka zikaongezwa kumi, jumla 46. Wimbi kubwa ni mojawapo. Watu hulitazama wimbi, kisha mlima mdogo kule nyuma, wakaishia hapo. Zitazame mashua tatu. Ni mashua za kasi, zenye wapiga makasia wengi, za aina iliyokuwa ikikimbiza samaki wabichi kwenye masoko ya Edo. Wale wanaume walioinama wakishikilia makasia wapo kazini, na kazi yenyewe ni kuulisha mji. Bila mji ule mkubwa unaodai samaki kila asubuhi, hakuna mashua, na bila mashua wimbi halina wa kumtisha.

Katika mfululizo uleule yumo fundi mapipa aliyeingia ndani ya pipa kubwa lisilo na kitako, na Fuji inaonekana ndani ya duara lake. Zipo yadi za mbao za Honjo, mlima ukichungulia katikati ya mbao zilizosimamishwa. Lipo pia duka la nguo la Mitsui mtaa wa Suruga, duka lililopata umaarufu kwa kuuza taslimu bila kuongeza bei, na ambalo ndilo chimbuko la maduka ya Mitsukoshi ya leo. Mafundi wako juu ya paa, mmoja anarushiwa mzigo wa vigae, tiara zinapaa angani, na paa lenyewe limechorwa kwa pembe inayofanana na mteremko wa Fuji. Hokusai amelipa paa la duka heshima sawa na mlima mtakatifu, na mimi sioni dalili yoyote kwamba alikuwa na shaka.

Hata ile buluu nzito inayotufanya tuione bahari ilikuwa bidhaa. Ni buluu ya Prussia, rangi ya kutengenezwa na wanakemia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na kuingizwa Japani kwa meli za Waholanzi na Wachina. Karibu na 1830 ilishuka bei kiasi cha kutumika kwenye picha za bei rahisi. Kabla ya hapo wapiga chapa walikuwa na nili, na rangi ya maua iliyopauka upesi kwenye mwanga. Tangazo la mchapishaji wa Hokusai, Nishimuraya Yohachi, la mwaka 1831 liliwaambia wateja waziwazi kwamba picha hizo za Fuji zimechapwa kwa buluu, kwa maana rangi ilikuwa sehemu ya kivutio. Bahari na anga unazoziona pale zimefika kwa njia ya biashara ya kimataifa.

Utasoma mahali pengi kwamba wachoraji walikimbilia milima na mito kwa sababu serikali iliwakataza kuchora waigizaji wa tamthilia za kabuki na makahaba mashuhuri. Marufuku hiyo ilikuwepo kweli, mwaka 1842. Lakini Fuji ya Hokusai ilikwisha kutoka zaidi ya miaka kumi nyuma, na seti ya Hiroshige ya vituo 53 vya barabara ya Tokaido, kutoka Edo hadi Kyoto, ilitoka 1833 na 1834. Marufuku ilisukuma mbele jambo lililokwisha kuanza. Lililolianzisha, kwa maoni yangu, ni miguu ya watu: wafanyabiashara, mahujaji, misafara ya mabwana, na watu wa mjini waliopata nafasi ya kutembea wakataka kuona walikopita au ambako wasingefika kamwe.

Matembezi ya mjini nayo yalikuwa na ratiba yake. Kila mahali palikuwa na msimu wake. Maua ya plamu yalikuwa Kameido, airisi Horikiri, fataki za kiangazi darajani Ryogoku. Micheri ya Asukayama haikuota yenyewe: shogun Tokugawa Yoshimune aliagiza ipandwe katika karne ya 18 ili watu wa mji wapate mahali pa kustarehe. Haya ni maumbile yaliyopandwa, yakatunzwa, yakawekewa vibanda vya chai. Picha iliyomwambia mnunuzi aende wapi na lini, au iliyomkumbusha alikokwenda, ilikuwa na soko la hakika.

Hapo ndipo Utagawa Hiroshige anapoingia, na kwake ningekaa zaidi kama ningekuwa darasani kwako. Alizaliwa Edo mwaka 1797 katika ukoo wa maofisa wa zimamoto wa ngome ya shogun, akarithi kazi hiyo angali mtoto, mwaka 1809. Tafakari maana yake. Edo ilijengwa kwa mbao na karatasi. Moto wa mwaka 1657 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na moto uliendelea kurudi kizazi baada ya kizazi. Mtu aliyelelewa kuukinga mji na moto aliujua mtaa kwa mtaa, paa kwa paa.

Novemba 1855 tetemeko kubwa liliipiga Edo, likaua maelfu, na moto ukafuata. Miezi michache tu baadaye, 1856, Hiroshige akaanza kutoa mfululizo wake wa mandhari mia moja mashuhuri za Edo, akaufanyia kazi mpaka alipofariki 1858. Kila picha ina anwani yake juu, kwenye kisanduku chekundu au cha rangi: mtaa gani, daraja gani, mto gani. Hakuna hata moja inayoonyesha vifusi. Mnara wa hekalu la Asakusa ulipinda ncha yake katika tetemeko. Hiroshige alipouchora kwenye theluji mwaka 1856, ncha imesimama wima tena. Mimi siamini kwamba alikuwa akiwadanganya wateja wake. Aliwapa mji wao ukiwa mzima, msimu hadi msimu, wakati wengi wao walikuwa bado wanajenga upya.

Sasa ile mvua uliyowaonyesha. Jina lake lina daraja la Ohashi na eneo la Atake, na ilitoka 1857. Anza juu: wingu jeusi limeshuka kama pazia, likififia kadiri linavyokuja chini. Halafu mistari ya mvua. Ni mistari myembamba kama unywele, na haiendi upande mmoja; ipo inayoinama hivi na inayoinama vile, kwa sababu imechapwa kwa mabamba mawili tofauti, na ndiyo maana mvua ile inaonekana kuchapa na upepo badala ya kuning'inia tu. Chini, darajani, watu wamekunja migongo chini ya miavuli na kofia pana, miguu mitupu, kila mmoja anakimbilia kwake. Ng'ambo kumebaki kivuli cha kijivu.

Halafu mtafute mtu mmoja mtoni, upande wa kushoto. Amevaa vazi la majani makavu, amesimama peke yake juu ya chelezo cha magogo akikisukuma kwa upondo. Kwangu huyu ndiye kiini cha picha. Magogo yale yanatoka misituni, yanaelekea kwenye mji unaoungua na kujengwa upya kila mara. Daraja analolipita limejengwa kwa mbao, na picha yenyewe imechapwa kwa mbao. Msitu na mji vimekutana katika inchi moja ya karatasi, chini ya mvua ambayo haimbagui mtu yeyote.

Hapa nifafanue jambo ambalo wanafunzi hulikosea: Hiroshige hakuchonga wala hakupiga chapa. Alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Karatasi hiyo iligandishwa kifudifudi juu ya bamba la mcheri wa porini, mti wenye mbao ngumu na nyuzi laini, na mchongaji akaondoa mbao yote isiyokuwa mstari, mchoro wenyewe ukiishia hapohapo chini ya kisu. Kutoka bamba hilo la kwanza yalitengenezwa mengine, moja kwa kila rangi, kila moja likiwa na alama mbili zilizochongwa pembeni ili karatasi ikae mahali palepale. Mpiga chapa alipaka rangi ya maji iliyochanganywa na uji wa wanga wa mchele, akalaza karatasi ya mforosadi wa Kijapani, akaisugua mgongoni kwa kisuguo cha duara kilichofunikwa ganda la mwanzi. Lile wingu linalofifia ni kazi yake: alilowesha bamba na kuififisha rangi kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine, ndiyo maana nakala mbili za mvua ileile hazifanani kabisa. Mchapishaji, ambaye kwa mfululizo huu alikuwa Uoya Eikichi, ndiye aliyetoa mtaji, akawaunganisha mafundi hao na kubeba hasara kama picha hazikuuzika.

Kwenye picha ya mtaa wa watia rangi wa Kanda, vitambaa virefu vimeanikwa juu ya nguzo na Fuji iko katikati yake kwa mbali. Baadhi ya vitambaa vina herufi ya jina la mchapishaji, vingine vina alama ya Hiroshige mwenyewe. Wamejitangaza juu ya nguo zilizoanikwa, na hakuna aliyeona vibaya.

Kuna picha moja ningependa usiiruke, ingawa inahitaji uangalifu darasani. Paka mweupe ameketi kwenye kizingiti cha dirisha la ghorofani, mgongo wake ukiwa mviringo, anatazama nje kati ya vipau vya mbao. Nje kuna mashamba ya mpunga, msafara wa watu wadogowadogo wanaokwenda kwenye sherehe za hekalu, ndege wakirejea, na Fuji kwenye anga la jioni. Ndani, kizingitini, kuna taulo na bakuli, na sakafuni pini za nywele zenye umbo la reki, ukumbusho wa sherehe hiyohiyo. Mtu haonekani. Chumba kile kiko Yoshiwara, eneo la madanguro lililozungushiwa handaki la maji na kufungwa kwa geti, na wasichana waliofanya kazi humo, wengi wakiwa wameuzwa na familia zao wangali wadogo, hawakuruhusiwa kutoka wapendavyo. Mlima uleule ambao mafundi wa Mitsui wanauona wakiwa juu ya paa, msichana wa chumba kile anaweza kuuona kwa vipande tu kati ya vipau. Huwezi kusema kwa haki kuhusu maumbile katika picha hizi bila kuuliza nani aliruhusiwa kuyafuata.

Swali hilohilo linahusu Fuji yenyewe. Ilikuwa mlima wa ibada, na wanawake kwa kawaida walizuiwa kuupanda mpaka kileleni. Vikundi vya waumini vya Edo vikajenga vilima vidogo vya Fuji ndani ya mji na viungani mwake, ili wazee, wagonjwa na wanawake wapande humo. Hiroshige alichora viwili vya Meguro, kimoja kikiwa na watu wanaopanda njia ya kujipinda kuelekea kileleni huku Fuji ya kweli ikionekana kwa mbali upande mwingine. Mji uliutaka mlima kiasi cha kujijengea wake.

Na mji ulijua pia kuubomoa. Gotenyama, kule Shinagawa, kilikuwa kilima mashuhuri kwa maua ya micheri. Mwaka 1853 meli za kivita za Marekani chini ya kamanda wao Perry ziliingia ghuba ya Edo, na serikali ikaharakisha kujenga ngome za mizinga baharini. Udongo ukachimbwa Gotenyama. Hiroshige alipoichora 1856 hakuuficha ukweli huo: kilima kimekatwa, ukuta wa udongo mtupu umesimama katikati ya picha, na juu yake micheri michache imebaki na watu wamekuja kuitazama vilevile.

Kwa darasa lako, mwalimu, ningechagua nne: koto ya Harunobu, duka la Mitsui la Hokusai, mvua ya Atake, na Gotenyama. Makumbusho ya Brooklyn, New York, yanayo seti nzima ya mandhari mia za Hiroshige, na picha zake zinaonekana bure mtandaoni. Ya Metropolitan ya mji huohuo yanaruhusu kupakua nyingi za Hokusai na Harunobu bila malipo. Usizitoe ndogo. Za Hokusai na Hiroshige nilizotaja zilichapwa kwenye karatasi ya sentimita 25 kwa 37 hivi, kwa hiyo ukizitoa kwenye karatasi ya A3 na kukata kingo utapata ukubwa wake halisi, na mtu wa chelezo ataonekana bila kumwelekezea kidole. Ya Harunobu ni ndogo zaidi. Hiyo itakaa vizuri kwenye A4.